Nyabingi amerudi kwao: gakondo, rege na mashine mjini Kigali

Na Mwandishi Wetu, Kigali

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka wa Gatuna au Cyanika kila wiki, na mzigo wake wa viazi, sabuni au vitenge, anakanyaga ardhi iliyozaa neno moja linalotamkwa leo Kingston, London na Abidjan. Neno lenyewe ni Nyabingi. Kwa wapenzi wa rege duniani, hilo ni jina la ngoma za Marasta, ngoma tatu zinazopigwa polepole kama mapigo ya moyo. Kwa wazee wa Ndorwa, eneo lililokatwa katikati na mpaka wa Rwanda na Uganda, Nyabingi ni jina la roho ya mwanamke ambayo mababu waliipelekea sadaka wakiomba uzazi, mavuno na kinga.

Nimeona nianze na neno hilo kwa sababu hapa Kigali kuna ubishi ambao umedumu miaka mingi na bado haujaisha. Vijana wanachukua inanga, ikembe na ngoma za jadi, kisha wanavichanganya na rege, na wengine wanakwenda mbali zaidi na kuvitia ndani ya midundo ya kompyuta inayopigwa kwenye kumbi za dansi. Baadhi ya wazee wanasema huko ni kuharibu urithi. Vijana wanajibu kwamba urithi usiochezwa ni maiti.

Nimesikiliza pande zote mbili, mitaani Nyamirambo, katika sherehe za harusi Remera, na ndani ya studio ndogo zilizojibana nyuma ya maduka. Kwa maoni yangu, kuchanganya si kosa, na wala si jambo geni kwetu. Linalotakiwa kuulizwa ni nani anamfuata nani ndani ya wimbo, na nani analipwa wimbo ukiuzwa.

Neno lililovuka bahari

Tuanze na historia, maana wengi wetu tumeisikia nusu nusu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke mmoja aliyeitwa Muhumuza, aliyesemekana kuwa mke wa Mwami Kigeri IV Rwabugiri, aliongoza watu wa Ndorwa na Kigezi kwa jina la Nyabingi kupinga utawala uliokuwa ukiwekwa juu yao. Waingereza walimkamata mwaka 1911 na kumpeleka Kampala. Hawakumruhusu kurudi kwao tena, na alifia huko mwaka 1945. Kwa lugha ya leo, Muhumuza alikufa akiwa uhamishoni. Msomaji ambaye wazazi wake walizikwa Nakivale, Ngara au Bujumbura atamwelewa bila kuelezwa zaidi.

Jina lilivuka bahari bila yeye. Desemba 1935, wakati Italia ikiishambulia Ethiopia, gazeti moja la Jamaika lilichapisha makala yaliyodai kwamba kuna jeshi la siri la Waafrika liitwalo Nyabinghi, linaloongozwa na Haile Selassie. Mengi ya yaliyoandikwa humo hayakuwa kweli. Lakini Marasta waliokuwa wakiteswa Kingston walilisoma jina hilo kwa furaha, wakalichukua, wakaliita ibada yao na ngoma zao.

Hapa inabidi tuwe waangalifu, tusijivike kilemba kisicho chetu. Jina lilitoka huku, lakini midundo yenyewe haikutoka Rwanda. Ngoma za Marasta zilikua kutoka burru na kumina, ngoma za wajukuu wa watumwa waliochukuliwa Afrika Magharibi na Kongo. Mpigaji aliyeziunganisha hizo, Count Ossie, aliishi na wenzake katika vilima vya Wareika, Kingston. Mwaka 1960 ngoma zake ziliingia katika santuri ya kibiashara, wimbo "Oh Carolina" wa Folkes Brothers, na tangu hapo muziki wa vijana wa Jamaika haukuwa ule ule.

Kwa hiyo rege tangu utotoni ni mchanganyiko: midundo ya Afrika Magharibi na Kongo, jina la mpakani kwetu, gitaa na besi za Marekani. Tena Wajamaika hawakuiogopa mashine. Katika miaka ya 1970 fundi mitambo King Tubby aliifanya mashine ya kuchanganyia sauti iwe ala ya muziki. Mwaka 1985 King Jammy alitoa "Under Mi Sleng Teng" ya Wayne Smith, iliyojengwa juu ya mdundo uliokuwemo ndani ya kinanda kidogo cha Casio, bila mpiga ngoma hata mmoja. Ragga na dancehall ya leo ni uzao wa kinanda hicho.

Walichorudi nacho

Waliorudi Rwanda kuanzia 1994 hawakurudi na mabegi tu. Waliotoka Uganda walirudi na masikio yaliyozoea ragga ya Kampala, na muda si mrefu baadaye Jose Chameleone akaja kuimba kwa Kiswahili juu ya midundo ya namna hiyo, nyimbo zikavuka Gatuna zikiwa ndani ya kanda. Waliotoka Kongo walikuja na rumba na magitaa yake. Waliotoka Burundi walikuja na kumbukumbu ya ngoma za kifalme, zile ambazo UNESCO ilizitambua mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Waliotoka Tanzania walikuja na muziki wa dansi na Kiswahili chenyewe, lugha ambayo Bunge la Rwanda liliifanya rasmi mwaka 2017.

Mimi ni mmoja wa hao waliokulia ng'ambo ya Rusumo, upande wa Ngara. Harusi zetu zilikuwa na sehemu mbili. Mchana wazee waliimba na kucheza vya Rwanda, wakirekebishana maneno, maana kila mmoja alikumbuka kipande chake. Usiku ulipoingia, mtu alitoa redio kaseti na betri mpya, na Bob Marley akachukua nafasi. Hakuna aliyeona kwamba sehemu moja inaitukana nyingine. Tofauti ilikuwa kwamba mchana tuliimba juu ya nchi tusiyoiona, na usiku tuliimba na mtu mwingine aliyekuwa akiimba juu ya nchi asiyoiona.

Ndiyo maana ninaposikia mtu anasema muziki wa kuchanganya ni wa watoto waliopotea, huwa najiuliza anamsema nani. Nusu ya Kigali ni watu waliochanganywa na safari.

Somo kutoka Magharibi

Tusidhani kwamba Kigali ni ya kwanza kupambana na jambo hili. Wenzetu wa Afrika Magharibi walilianza zamani, na yapo mambo matatu ya kujifunza kwao.

La kwanza ni la Alpha Blondy wa Ivory Coast. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoa "Brigadier Sabari", rege iliyoimbwa kwa Kidioula, lugha ya sokoni, lugha ya wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya kule kama Kiswahili kinavyovuka ya huku. Hakungoja kuimba kama Mjamaika ndipo akubalike. Na mwaka 1986 alipotoa albamu ya "Jerusalem", bendi ya Wailers, waliokuwa wakimpigia Marley, ndiyo iliyompigia yeye.

La pili ni la Mory Kanté wa Guinea. Yeye alizaliwa katika ukoo wa wasimulizi na waimbaji wa jadi, akapiga kora, ala yenye nyuzi 21. Mwaka 1987 aliiweka kora hiyo juu ya midundo ya dansi ya mashine, akatoa "Yéké Yéké", wimbo ambao mauzo yake yalipita nakala milioni moja na kutikisa Ulaya nzima. Katika miaka ya 1990 madijei wa tekno wa Ujerumani waliojiita Hardfloor waliuchukua na kuugeuza tena, ukapigwa katika kumbi ambazo hakuna aliyejua kora ni nini. Kwao Guinea wapo waliomlaumu Kanté. Lakini sikiliza wimbo huo vizuri: kora haikukaa pembeni kama pambo. Ndiyo inayouongoza wimbo, na mashine inaifuata.

La tatu ni la Tiken Jah Fakoly, naye wa Ivory Coast, aliyehamia Mali baada ya maneno yake makali dhidi ya wanasiasa kumtia hatarini. Katika albamu ya "African Revolution" ya mwaka 2010, alizipa ala za jadi kama ngoni na kora nafasi ambayo katika rege nyingi hushikwa na kinanda. Rege ikabaki rege, lakini ikawa na harufu ya vumbi la Bamako.

Ukiyaweka matatu hayo pamoja unapata kanuni moja. Aliyefanikiwa alikuwa anaijua ala ya jadi kwanza, au alimweka jirani mtu anayeijua. Mashine ilikuja baadaye.

Hesabu ya nne na hesabu ya tano

Sasa turudi Kigali, kwenye studio moja ya Kimisagara ambako nilikaa tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Chumba kilikuwa kidogo, magodoro yamepigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, na kompyuta moja mbele ya prodyuza kijana. Kwenye mkeka alikaa mzee na inanga yake. Kwa msomaji aliyekulia mbali, inanga ni ubao uliochongwa kama sinia refu lenye kina, na juu yake umetandazwa uzi mmoja unaokwenda na kurudi kwenye meno ya ubao hadi kupatikana nyuzi nane hivi. Mpigaji huipakata na kuimba huku akisimulia vita, ng'ombe na wafalme.

Kijana alimvisha mzee vipokea sauti masikioni, akamwekea mdundo wa kompyuta ili aufuate. Mzee alianza, akasimama. Akaanza tena, akasimama. Mara ya tatu alivivua na kusema kwa upole kwamba mtu aliyemo ndani ya kile chombo ana haraka na hasikilizi.

Hiyo ndiyo shida nzima, na haihusu ukaidi wa wazee. Programu nyingi za kutengenezea muziki, ukizifungua tu, huja na hesabu ya nne: moja, mbili, tatu, nne, na teke la ngoma katika kila moja. Muziki wa dansi wa kielektroniki umejengwa juu ya hesabu hiyo. Lakini jaribu kupiga makofi kwenye nyimbo nyingi za jadi za Rwanda, utakuta mkono wako unataka kwenda moja-mbili, moja-mbili-tatu. Ni hesabu ya tano, inayoyumba kidogo, kama mwendo wa inyambo, wale ng'ombe wenye pembe ndefu ambao wachezaji wetu huwaiga kwa mikono. Nyingine zinakwenda kwa sita. Ukizilazimisha ziingie katika nne, inabidi ukate pigo moja au uongeze lisilokuwepo. Wimbo utachezeka, lakini mwendo wa ng'ombe umekwisha, umebaki mwendo wa askari wa gwaride.

Kuna shida ya pili. Nyuzi za inanga huwekwa kwa sikio la mpigaji mwenyewe, wala haziangalii sauti za kinanda. Prodyuza mwenye haraka huzinyoosha kwa kompyuta ili zilingane na kinanda chake, na hapo inanga inaanza kulia kama gitaa bovu.

Rege inapona kwenye mtego huu kuliko dansi ya mashine, na sababu yake ni ya kifundi. Katika mdundo wa rege ule wa asili, pigo la kwanza huachwa tupu, na ngoma kubwa huangukia la tatu. Mwendo ni wa taratibu. Gitaa linadonoa pembeni, besi ndiyo inayosimulia. Kwa hiyo ndani ya rege kuna nafasi ya mtu mwingine kuingia na kuzungumza. Mpiga inanga, aliyezoea kujipa nafasi kati ya sentensi na sentensi, anakaa humo bila kusukumwa.

Pale Kimisagara kijana alifanya jambo la busara. Alizima mdundo, akamwomba mzee apige wimbo wote kama anavyopiga nyumbani kwake, akarekodi. Kisha, kwa saa nyingi, alikaa akisogeza mapigo ya kompyuta moja baada ya jingine hadi yakamfuata mzee. Besi ya rege aliiingiza mwisho. Nilipotoka wimbo ulikuwa bado haujakamilika, lakini ulikuwa unatembea kwa miguu yake mwenyewe.

Majirani zetu wamefika huko pia. Kampala kuna kundi la Nihiloxica, lililotoa albamu ya "Kaloli" mwaka 2020, ambamo ngoma za Buganda hupigwa kwa mikono kwa nguvu zote na vinanda vya kielektroniki vikazisindikiza. Dar es Salaam kuna singeli, muziki wa uswahilini wenye kasi ya kutisha, uliotoka kwenye mchiriku na vigodoro, na sasa unapigwa katika matamasha ya Ulaya. Hao hawakuomba radhi kwa mtu kuhusu kasi yao. Waliichukua kompyuta wakaifundisha Kimanzese.

Waliotangulia hapa kwetu

Kwa Wanyarwanda, jina la kwanza katika safari hii ni Cécile Kayirebwa. Aliikimbia nchi mwaka 1973, akaishi Ubelgiji, na huko akaimba nyimbo za jadi na zake mwenyewe zikisindikizwa na magitaa na vinanda. Albamu yake iliyoitwa "Rwanda" ilitoka Ulaya mwaka 1994. Wengi tuliokuwa nje tulijifunza Kinyarwanda kizuri kutoka kwenye kanda zake kabla hatujajifunza kwa bibi zetu.

Wa pili ni Jacques Murigande, maarufu kama Mighty Popo. Alizaliwa Burundi katika familia ya wakimbizi wa Rwanda, akahamia Canada na kupiga gitaa lenye blues, rege na mapigo ya nyumbani. Albamu zake zina majina yanayosimulia safari yake: moja inaitwa "Dunia Yote", nyingine "Ngagara", mtaa wa Bujumbura, nyingine "Muhazi", ziwa la hapa kwetu, na nyingine "Gakondo", yaani ya jadi. Mwaka 2005 albamu ya African Guitar Summit, aliyoshiriki pamoja na wapiga gitaa kutoka Guinea, Ghana, Madagaska na kwingineko, ilipata tuzo ya Juno, ambayo ni kubwa kuliko zote za muziki nchini Canada.

Popo angeweza kubaki huko. Alirudi, akaanzisha tamasha la Kigali Up mwaka 2011, na mwaka 2014 akaongoza shule ya muziki iliyofunguliwa Nyundo, wilaya ya Rubavu, ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga. Huko mwanafunzi anafundishwa besi na kinanda, na anafundishwa ala za jadi vilevile. Kundi la Symphony Band na mwimbaji Ariel Wayz ni miongoni mwa waliopitia hapo.

Kwa upande wa inanga, Sophie Nzayisenga alifundishwa na baba yake, Kirusu Thomas, akiwa bado mtoto, akaingia katika kazi iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ya wanaume. Massamba Intore, mtoto wa Sentore Athanase, aliwakusanya vijana katika kundi la Gakondo. Jean Paul Samputu alikwenda kwenye tuzo za Kora mwaka 2003 na kurudi na ushindi. Na katika miaka ya karibuni prodyuza Element ameanza kuuita mtindo wake Afro Gako, gakondo iliyovishwa midundo ya kisasa ya kucheza. Wimbo wake wa mtindo huo wa mwaka 2024 una jina la Kiswahili, "Milele". Desemba mwaka huo huo UNESCO iliiingiza ngoma ya intore katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Jeraha la 1994

Lipo jambo moja linaloifanya habari hii kuwa nzito Rwanda kuliko Guinea au Jamaika. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, waliouawa walikuwamo pia walimu wa muziki. Cyprien Rugamba, mshairi na mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa pamoja na mkewe Daphrose Aprili 7, siku ya kwanza kabisa. André Sebanani, mwimbaji wa bendi ya Impala, naye aliuawa. Kila mmoja wao aliondoka na vitu ambavyo havikuwa vimeandikwa popote. Mpiga ngoma anayeongoza wenzake kwa ishakwe, ile ngoma ndogo yenye sauti ya juu, hajifunzi kwa kitabu. Anajifunza kwa kukaa miaka karibu na mkono wa mwingine. Mkono ukikatika, mnyororo umekatika.

Na tuseme ukweli wote. Simon Bikindi naye alikuwa fundi wa kuchanganya jadi na muziki wa kisasa. Alikuwa na kikundi kizuri cha ngoma, na nyimbo zake zilipigwa na redio ya chuki. Mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha miaka 15 kwa kuchochea mauaji kwa kipaza sauti barabarani. Kwa hiyo anayesema kwamba muziki ukiwa na ngoma za mababu tayari ni mtakatifu, na akumbuke hilo. Ngoma haijui inapigiwa nini. Anayejua ni mpigaji.

Kwa sababu hiyo mzee anapomkaripia kijana kwa kukata pigo moja, mimi simwoni kuwa mpinga maendeleo. Anaona kitu kilichobaki kidogo kikipungua zaidi. Na kijana anapoiingiza inanga kwenye spika za ukumbi, simwoni kuwa mharibifu. Anajaribu kumfikia mwenzake wa miaka 18 ambaye hakubahatika kuwa na babu.

Nani analipwa?

Nimalizie kwa jambo linalowahusu moja kwa moja wasomaji wanaoishi kwa biashara ya mpakani. Muziki ni bidhaa. Ulivuka kwa kanda, ukavuka kwa santuri za CD, ukavuka kwa flashi na kadi za simu zinazojazwa nyimbo vibandani Nyabugogo na kushushwa Rubavu, Rusizi au Kabale. Hauhitaji friji wala haulipiwi ushuru. Hata Gatuna ilipofungwa kati ya Februari 2019 na Januari 2022, na magunia yakarudi nyuma, nyimbo ziliendelea kupita.

Lakini bidhaa ina mwenyewe. Cécile Kayirebwa aliwahi kuvipeleka mahakamani vituo kadhaa vya redio nchini kwa kupiga nyimbo zake bila kumlipa, na kesi yake iliwashtua wengi waliodhani kwamba wimbo wa jadi ni kama maji ya mvua, anayekinga ndiye mwenye nayo. Rwanda ilipitisha sheria ya kulinda mali ya ubunifu mwaka 2009. Sheria ya namna hiyo inamlinda anayejulikana. Mzee wa mkeka wa Kimisagara, ambaye sauti yake itakatwa vipande na kurudiwa mara arobaini ndani ya wimbo wa mtu mwingine, atalindwa tu kama jina lake limeandikwa na mkataba wake upo.

Nilimsikia akiliuliza hilo kabla hajachukua inanga yake kuondoka. Hakuuliza kiasi. Aliuliza wimbo utakapotoka utaitwa wa nani. Kijana alichukua karatasi, akaandika majina mawili, la mzee likiwa juu, wakatia sahihi wote wawili, na mimi nikawekwa kuwa shahidi. Kazi hiyo ilichukua dakika tano. Mapatano ya namna hiyo ni machache mno mjini, na mengi ya yaliyopo ni ya mdomo.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapokuwa unanunua nyimbo za safari, muulize kijana wa kibandani ni nani aliyepiga inanga unayoisikia chini ya besi. Akikujibu kwamba ni kompyuta, sikiliza kama hesabu yake ni ya nne au ya tano, utajua amekuambia kweli au la. Akikutajia jina la mtu, lishike. Ukiwa na harusi au ubatizo, mwite mtu huyo aje apige mbele ya watoto, umlipe kama unavyomlipa dijei, na baada ya yeye kumaliza mwache dijei aendelee. Muhumuza hakurudishwa kwao, na walimu wa 1994 hawatarudi. Wanaoishi bado wako umbali wa nauli ya basi.